Mwalimu Aliyepima Pumzi

Hakuwahi kuzima mshumaa kwa kupuliza. Stima ikipotea mtaani kwetu Jericho, na ilipotea mara nyingi, sisi wengine tulingoja irudi tukapuliza mishumaa na kuendelea na mambo yetu. Mwalimu alilowesha vidole viwili kwa ulimi, akaubana utambi mpaka ukalia. Nilimwuliza siku moja kwa nini hapulizi kama watu. Akanijibu kwamba pumzi ni chakula cha mtu kilichokwisha kazi, na hapendi kukitupia moto. Alisema hivyo bila hata kutabasamu, nami nilikuwa mtoto, nikaenda nyumbani nikikaza midomo nisipumue ovyo.

Kila mtu alimwita Mwalimu, na mimi sitaanza leo kumwita vingine. Alikaa milango miwili kutoka kwetu, peke yake, katika nyumba ya kaunsili ya jiji iliyofanana na yetu mpaka kwenye nyufa za sakafu. Alifundisha bayolojia katika shule ya harambee ambayo haikuwa na maabara, wala mikroskopu, wala kitu chochote ila ubao na wanafunzi wengi. Shuleni alifundisha kwa Kiingereza kama ilivyotakiwa. Jumamosi alifungua mlango wake, akatandika mkeka, akafundisha upya kwa Kiswahili kwa yeyote aliyetaka kuja, na hakutoza mtu kitu. Dirisha lake lilikuwa wazi mwaka mzima, hata Julai ile baridi ya Nairobi inapowafanya watu waoge nusu.

Dirishani hapo ndipo zilipokaa chupa. Alinunua chokaa ya kupaka ukutani, akaikoroga kwenye maji, akaiacha itulie, kisha akachota yale maji ya juu yaliyo safi kabisa. Ukiyatazama ungesema ni ya kunywa. Alikupa mrija wa soda ukapuliza polepole, na maji yakaanza kupauka, yakageuka maziwa mbele ya macho yako. Hiyo ni kaboni dayoksaidi, alisema, imetoka ndani yako. Chupa iliandikwa jina lako ikawekwa dirishani, na kesho yake ukiipitia ungekuta maji yamesafika tena na unga mweupe umelala chini. Unga ule ulikuwa umetoka kifuani mwako, na hakuna mtoto aliyeweza kuutazama akabaki ametulia.

"Oyaa, huyo mzee anaweka roho zetu kwa chupa," kijana mmoja aliwaambia wenzake wa block yetu. "Halafu zikikauka ndiyo anatengenezea chaki."

Hilo la chaki tuliliamini muda mrefu. Mwalimu alipoandika ubaoni, tulikuwa tukijiuliza kimyakimya ni nani huyo anayemalizika.

Kisha kijana mmoja wa Jumamosi aligongwa na lori Barabara ya Jogoo. Baada ya mazishi mama yake alikuja, akasimama mlangoni, akasema amekuja kuchukua ya mtoto wake. Mwalimu hakuuliza ya nini. Alitafuta chupa yenye jina, akaifuta vumbi, akampa kwa mikono miwili. Yule mama aliibeba akivuka uwanja polepole kama anayebeba uji wa moto, na watu waliokuwa wakifua kwenye bomba walisimamisha mikono mpaka akapita.

Sijui kama alifanya vizuri kumpa. Mama yangu alisema alifanya vizuri sana.

Somo lake alilolipenda kuliko yote lilikuwa la vifungo. Alitunga vifungo sita vyeusi vya koti kwenye uzi na kutuambia huo ndio ugali wenu baada ya kumeng'enywa, sukari. Ndani ya seli, uzi ule hukatwa katikati, vikabaki vipande vya vifungo vitatu vitatu. Hapo alichukua makasi. Kutoka kila kipande alikata kifungo kimoja, kikaanguka sakafuni kikaviringika. Kile kilichoanguka, alisema, kimeondoka na oksijeni yake, kimekuwa gesi, kinapanda kwenye damu kuja mapafuni. Viwili vilivyobaki vinaingizwa kwenye gurudumu la kazi, na huko navyo vinaanguka, kimoja kimoja, mpaka uzi unabaki mtupu.

"Watu hudhani tunavuta hewa safi tunaitoa imechafuka, kama maji ya kuogea," alisema. "Sivyo. Unachotoa si ile uliyovuta. Unachotoa ni wewe."

Alituuliza pia, mtu akiugua akakonda, ile nyama yake huenda wapi? Mmoja akasema chooni, tukacheka. Mwalimu hakucheka. Akasema sehemu kubwa hutoka puani, siku zote, hata sasa, na aliyekaa karibu nawe ndiye anayeivuta. Nilihama kidogo kutoka kwa msichana tuliyekaa naye, naye akahama kutoka kwangu.

Alikuwa na neno moja alilomwuliza kila mtu: "Umeona au umefikiria?" Ukimwambia maziwa ya yule mwanamke wa sokoni yametiwa maji, anakuuliza umeona au umefikiria. Pasta akisema fulani ameokoka, anaulizwa hivyohivyo, tena hadharani, kwenye mlango wa kanisa ambamo Mwalimu mwenyewe aliimba sauti ya nne. Kama hakuona, alisema "Sijui" kwa urahisi ambao sijaukuta kwa mwalimu mwingine. Mtu mzima kusema hajui mbele ya watoto! Tulimheshimu kwa hilo, na ni hilohilo lililotuumiza baadaye.

Mtu huyohuyo alikuwa mwizi wa drafti. Alicheza na baba yangu Jumapili jioni kwa vifuniko vya soda, na baba akigeuka kukohoa, kifuniko kimoja kilihama chenyewe. Baba alijua. "Mwalimu, hiki kimetembea," alikuwa akisema, na Mwalimu akijibu, "Umeona au umefikiria?" Wakacheka wote wawili mpaka baba akaanza kukohoa tena.

Baba alikuwa mchongaji. Twiga, vifaru, vichwa vya wazee, vyote vya kuuzia watalii, na vumbi la mti lilikuwa limemwingia kifuani miaka mingi kabla sijazaliwa. Mwalimu alikuwa akimpulizisha kwenye maji ya chokaa kwa utani. Yetu yaligeuka upesi. Ya baba yalichukua muda mrefu, akipumzika katikati, na sisi tukimshangilia.

"Yangu huchelewa," alisema, "lakini hufika."

Mama naye alikuwa mwanafunzi, ingawa hakuwahi kukaa mkekani. Alikuwa akiuza mandazi soko la Jericho, na Jumamosi alikandia unga wake nje, chini ya lile dirisha lililo wazi, akisikiliza kila neno. Siku moja alimpelekea Mwalimu donge la unga lililoumuka kwa hamira, amwambie kwa nini linavimba. Mwalimu alilitia kwenye chupa, akapitisha mrija kutoka hapo hadi kwenye maji yake. Baada ya muda maji yakawa maziwa. Hamira nayo ni kiumbe, alimwambia, inakula sukari na kukata vifungo vyake kama sisi.

"Kumbe nauza vitu vinavyopumua!" mama akasema, na kwa siku kadhaa alisitasita kabla ya kutumbukiza mandazi kwenye mafuta. Tangu hapo aliyaamini yale maji kuliko daktari. Chenye uhai huyageuza, kisicho na uhai hakiwezi. Alikuwa ameona.

Baba alifariki Jumamosi asubuhi. Mama alidhani amelala, akaenda kukanda unga, akarudi akamkuta hajageuka. Nilikuwa mkekani kwa Mwalimu alipokuja kunishika bega. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, njoo na maji."

Tulipofika, wanawake wa block walikuwa wameshajaa chumbani. Walikuwa wamefunga dirisha na kushusha pazia, kama tunavyofanya penye msiba, na kila mmoja alikuwa akilia au akiomba. Mwalimu alimshika baba shingoni, akamfunua jicho, akagusa miguu. Kisha akamwambia mama taratibu, "Mama Mwende, amekwenda."

"Weka maji."

"Mama, hakuna haja."

"Wewe ndiye uliyesema maji hayamwonei mtu haya. Weka."

Akaweka. Alimimina kwenye glasi yenye mdomo mpana, akaikalisha kwenye shimo la shingo ya baba, chini ya kidevu, kisha akafunika uso na glasi kwa leso. Mama aliingiza kichwa chake ndani ya leso hiyohiyo. Tulisikia akimwita kwa Kikamba, karibu kabisa na mdomo wake, akimwambia aamke kumekucha, akilia, akimwita tena. Sisi tulisimama tumeshikana pale, tukipumulia visogo vya wenzetu. Chumba kilikuwa na joto la kutisha.

Ilichukua muda mrefu. Kisha mama akatoka chini ya leso ameinua ile glasi, na maji yalikuwa maziwa.

Mwanamke mmoja alirudi nyuma akaangusha sufuria. Mama hakututazama sisi, alimtazama Mwalimu.

"Yake huchelewa," akasema. "Sema, Mwalimu. Si yamegeuka?"

"Yamegeuka."

"Kwa nini yamegeuka?"

Nilimwona akitafuta. Mtu mwingine yeyote angesema neno lolote la kumtuliza mama aliyefiwa. Yeye aliitazama glasi, akamtazama baba.

"Sijui," akasema.

Hatukumzika siku ambayo wajomba walitaka. Mama alilala juu yake. Baba alipopelekwa chumba cha maiti na daktari akathibitisha kifo, mama alisema daktari hakuweka maji. Mwalimu alikuja kwenye matanga, akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, huku watu wakimtazama.

"Mama Mwende, nimekaa nikafikiria. Ile ilikuwa pumzi yako. Wewe ndiye uliyekuwa ndani ya leso, na chumba kilikuwa kimefungwa kimejaa watu."

Mama akamwuliza kwa sauti ya chini, "Umeona au umefikiria?"

Najua Mwalimu alitaka kusema ameona. Nilimwomba moyoni aseme.

"Nimefikiria," akasema. "Lakini nipe nafasi nikuonyeshe."

"Hutaweka tena maji yako mbele yangu."

Basi tulimzika baba kwetu Ukambani, na mama akaamini tumemzika akiwa hai. Hakulisema kwa kelele. Alilisema kama mtu anavyosema kuna mawingu leo. Kila alipokwenda nyumbani alibeba chokaa yake kwenye kopo, akatengeneza maji kama alivyosikia chini ya dirisha, akaacha glasi juu ya kaburi jioni. Asubuhi alinipeleka kuitazama. Kila mara juu ya maji palikuwa na utando mweupe, mwembamba kama wa uji uliopoa. Mama aliugusa kwa kidole ukavunjika.

"Bado," alisema.

Nilikuwa msichana mkubwa, nilijua mambo, na bado nilipolala usiku kwenye ile nyumba ya shambani nilikuwa nikisikiliza. Naona aibu kusema nilichokuwa nikisikiliza. Nilimchukia Mwalimu miaka ile. Uongo mdogo tu, neno moja, na mama yangu angekuwa mjane kama wajane wengine. Badala yake akawa mke wa mtu anayepumua chini ya udongo, na kila furaha iliyokuja nyumbani kwetu aliifungia mlango kwa sababu mwenyewe hayupo. Hata nilipoolewa alikataa kuvaa nguo mpya. Alisema hawezi kupendeza na mwenzake yuko vile.

Mwalimu alihama Jericho alipostaafu. Nilikutana naye sokoni baada ya miaka mingi, amekonda, koti limemzidi. Nilifikiri nitampita. Yeye ndiye aliyeniita, na swali lake la kwanza lilikuwa juu ya mama. Nikamwambia yote, kwa hasira, nikimtazama usoni: kopo la chokaa, glasi ya kaburini, utando wa asubuhi, na lile neno "bado".

Hakuwa amelijua hilo. Alikaa juu ya kreti la mwuza nyanya bila kuomba ruhusa, akashika magoti.

"Glasi yoyote ikiachwa wazi hufanya utando," akasema. "Hata ukiiweka hapa sokoni. Hewa yenyewe inayo kidogo." Kisha akanishika mkono. "Mlete."

"Hatakuja, Mwalimu. Unamjua."

"Mwambie alikuwa na haki. Nilifikiria tu, sikuona. Sasa nataka kuona, na bila yeye siwezi."

Nilipeleka ujumbe kama ulivyo. Mama aliusikiliza huku akichambua mchele, akauliza nirudie ile sehemu ya mwisho. Nikarudia. Akaweka ungo chini, akatafuta viatu vyake.

Mwalimu alikuwa akikaa mtaa wa Komarock, kwa mpwa wake aliyekuwa amepata nyumba huko. Nyumba zile zilikuwa mpya bado, rangi inanukia, na ndani mlikuwa na mwangwi kama nyumba isiyozoea watu. Alitupokea mlangoni. Hakusalimia kwa maneno mengi, na mama alimpa mkono bila kumtazama.

Chumbani palikuwa na vitanda viwili. Kila kitanda kilikuwa na mto mmoja uliolazwa kwa urefu na kufunikwa shuka mpaka shingoni, kama mgonjwa. Nilirudi nyuma hadi kizingitini. Mama aliitazama ile mito kwa utulivu kuliko mimi.

Mwalimu alimimina maji kutoka chupa moja kwenye glasi mbili zenye mdomo mpana, mbele yetu. Maji yalikuwa safi. Aliiweka moja kwenye mto wa kwanza, akaufunika kwa leso, akasema huyu hataitwa na mtu. Ya pili akaiweka kwenye mto mwingine, nayo akaifunika kwa leso. Akafunga dirisha, na sikuwa nimewahi kumwona akifunga dirisha.

"Mama Mwende," akasema, "mwite kama ulivyomwita siku ile."

Mama alisita. Kisha akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya leso.

Halafu nikamsikia, kwa Kikamba, sauti ileile, ya mwanamke kijana, ikimwita baba kwa jina la utotoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu afe. Alimwambia kumekucha. Alimwambia unga umeshaumuka, aamke anywe chai. Alimwambia kwamba mimi nimeolewa, kwamba kuna wajukuu wawili, kwamba amechoka kungoja. Alilia, akamwita, akangoja, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Mwalimu alisimama ukutani machozi yakimtoka bila kuyafuta. Mimi nilikuwa nikitazama ile leso, inavyoinuka na kushuka juu ya ule mto, na naapa kuna wakati sikuwa na hakika ni nani anayeiinua.

Mama alitoka polepole, uso umelowa. Aliinua glasi yake. Ilikuwa maziwa.

Mwalimu akafunua mto wa kwanza, akatoa ile nyingine. Ilikuwa safi, ungeweza kusoma gazeti kupitia kwake. Kisha akaenda nje, akarudi na glasi ya tatu aliyokuwa ameiacha juu ya ukuta wa ua tangu asubuhi. Ilikuwa na utando juu.

"Hapo ukutani hakuna mtu aliyelala," akasema.

Mama aliziweka zote tatu sakafuni mbele yake. Alizitazama kwa muda. Akarudi kwenye ule mto wa pili, akaukandamiza kwa viganja kama anavyokanda unga, akatafuta ndani yake. Ulikuwa pamba tu.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ni yako, mama."

"Na ya siku ile."

"Ilikuwa yako. Na yetu sisi tuliokuwepo."

"Hakuwa akiniitikia."

"Hapana, Mama Mwende. Leo nimeona. Hakuwa akikuitikia."

Nilifikiri atashukuru. Nilifikiri, mpumbavu mimi, kwamba tutarudi nyumbani tukiwa wepesi. Mama yangu alikaa sakafuni akanyoosha miguu, kama wanavyokaa wanawake penye msiba. Akavua kitambaa cha kichwa, nywele zake zote mvi, akakiweka mapajani. Kilio kilichomtoka hakikuwa cha mtu aliyefiwa zamani.

Baadaye kidogo alinyamaza, akanitafuta kwa macho.

"Mwende," akasema, "unasimama hapo unangoja nini? Baba yako amekufa. Toka uwaambie watu."

Nikatoka. Ilikuwa saa saba, jua kali, milango mipya yote imefungwa, na katika mtaa ule hakuna hata mmoja aliyewahi kumjua baba. Upande wa pili mwanamke alikuwa akianika nguo za mtoto. Nikavuka, nikamwambia.